Mrija wa tumboni, unga wa kukolezea, mhudumu wa kulisha: NDIS inalipia lini na inakataa lini? (Tulio Australia tujadili)

#1 Mwanamrima (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa sisi tulio Australia wenye watoto au ndugu wenye ulemavu. Wa nchi nyingine karibuni msome, ila sheria nitakazozitaja ni za huku.

Mimi ni mratibu wa huduma, kazi yangu ni kukaa na familia na kuusoma mpango wao wa NDIS (mfuko wa serikali ya Australia unaolipia huduma za watu wenye ulemavu) mstari kwa mstari. Swali ninaloulizwa kanisani, msibani, hata harusini nikiwa na sahani mkononi ni lile lile: "Mtoto wangu hali vizuri, NDIS itanilipia chakula?"

Jibu fupi: chakula hapana. Mchele, unga, maziwa ya dukani, kuku, hivyo ni matumizi ya kila siku ya kila binadamu, mwenye ulemavu na asiye nao. Sheria ya NDIS ya 2013 na kanuni zake haziko kwa ajili ya kununua sembe. Tangu 3 Oktoba 2024 kuna hata orodha rasmi ya vinavyolipiwa na visivyolipiwa, na vyakula vya dukani vimo upande wa pili.

Jibu refu ndilo lenye faida, na humo ndimo watu wetu wanapokosa haki zao hivi hivi. Swali la kujiuliza si "anakula nini?" bali "ulemavu umeongeza kazi gani juu ya kula?" Hicho kilichoongezeka ndicho kinachoombewa fedha.

Mifano. Huwezi kusimama jikoni wala kushika kisu kwa sababu ya ulemavu: mhudumu wa kuja kukupikia anaweza kulipiwa, vitunguu ni vyako. Unaletewa chakula kilichopikwa na kampuni: kupika na kukuletea kunaweza kulipiwa, chakula chenyewe unalipa wewe, na risiti lazima itenganishe hayo mawili. Mtoto hamezi salama: mtaalamu wa tiba ya kumeza, mpango wa maandishi wa mlo, unga maalum wa kukolezea vinywaji (kuvifanya vizito ili vimezwe salama), mafunzo kwa wanaomlisha, vyote vinaweza kuingia. Anakula kwa mrija wa tumboni: pampu, mirija, mabomba ya sindano, mtaalamu wa lishe, na maziwa maalum ya mrija vinaweza kuingia pia, kwa kuwa bila ulemavu asingevihitaji.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Miaka ya awali hospitali ilisema "hiyo ni NDIS" na NDIS ikasema "hiyo ni afya", mzazi anazungushwa katikati. Mwaka 2014 kuna kesi ilifika baraza la rufaa, mtu akiomba mashine ya oksijeni ya kubeba na pampu ya insulini, akashindwa kwa hoja kwamba hayo ni ya mfumo wa afya. Mambo yalibadilika 1 Oktoba 2019, baada ya mawaziri kukubaliana kwamba huduma za afya zinazotokana moja kwa moja na ulemavu wa mtu ziingie kwenye mpango wake. Lishe na matatizo ya kumeza vimetajwa humo, pamoja na kisukari, vidonda, upumuaji, kifafa na mengineyo.

Kilichobaki hospitali ni upasuaji wa kuweka mrija, kulazwa akiugua, vipimo vya kutafuta ugonjwa, na lishe ya muda mfupi baada ya kutoka wodini. Usiende na ombi la hayo NDIS, utapoteza miezi.

Kuna kifungu kimoja kinatuumiza sisi kuliko wengine. Kifungu cha 34 kinataja vigezo vya msaada "wa haki na wa lazima". Kimojawapo kinauliza ni kazi gani inatarajiwa ifanywe na familia yenyewe. Sasa mpangaji (ofisa wa NDIS anayeandaa mpango) anamuuliza mama, "Nani anamlisha?" Mama, kwa heshima zake na kwa kutotaka kuonekana analalamika, anajibu: "Tunasaidiana, tuko wengi nyumbani, hakuna shida." Mpangaji anaandika: hakuna shida. Na mpango unakuja mwembamba.

Hilo ndilo nililotaka tulijadili. Nimeona familia za Kizungu zenye mtoto wa hali ile ile zikipata saa za mhudumu, na zetu zikapata ripoti moja ya mtaalamu wa lishe. Ubaguzi siuondoi kabisa kichwani. Ila mara nyingi wale wamefika na shajara ya milo ya mtoto, kurasa sita, sisi tumefika na tabasamu.

Karibuni.

#2 Mama Bukavu

Asante kaka Mwanamrima, Mungu akubariki. Mie niko Logan, Queensland. Binti yangu ana miaka minne, ana mtindio wa ubongo. Kumlisha ni saa nzima, mara nyingine zaidi, na mara tatu kwa siku. Anakohoa katikati, macho yanajaa machozi, tunasimama, tunaanza tena. Msimu wa baridi kifua chake kinajaa, tunaenda hospitali.

Mkutano wa kurudia mpango ni mwezi ujao. Dada mmoja ameniambia nisijisumbue kuomba mtu wa kusaidia kulisha, kwa kuwa watasema mtoto wa miaka minne kila mzazi anamlisha. Ni kweli? Nisemeje?

Na swali la pili, msinicheke. Huyo mtaalamu wa kumeza alinipa karatasi ya vyakula, yote viazi vya kuponda, mtindi, na vitu sivijui. Bugali hakuna. Sombe (kisamvu) hakuna. Mimi ninampikia nini?

#3 Mzee Kijembe

Hapa ndipo ninaposema tumelegea. Kumlisha mtoto uliyemzaa mwenyewe hadi serikali ilete mtu wa kulipwa? Bibi zetu walilea watoto walemavu bila NDIS, bila shajara, bila mratibu. Halafu kesho tunashangaa kusikia bungeni kwamba wahamiaji wanakula kodi.

#4 Nesi wa Perth

Jameni Mzee, pole pole. Kwani hao bibi walikueleza wangapi walizikwa?

Mimi ni nesi, Mkenya, niko wodi ya vifua. Wacha nikueleze kinachotendeka. Mtu mwenye shida ya kumeza akipaliwa, chakula ama mate yanaingia kwenye njia ya hewa. Wengine wanakohoa, hao ni afadhali kwa sababu unaona. Kuna wanaopaliwa kimya kimya, hakuna kikohozi, hakuna chochote. Unaona tu sauti imekuwa kama ina maji ndani, joto linapanda jioni, na baada ya siku kadhaa ni nimonia. Ikirudiarudia, mapafu yanaharibika. Huku Australia kupaliwa na kukabwa na chakula ni kati ya sababu za vifo vya watu wenye ulemavu ambazo zingezuilika, na ndiyo maana tume inayosimamia ubora wa NDIS ina kanuni kali juu ya mlo. Tangu Novemba 2021 kuna kiwango maalum cha usimamizi wa mlo ambacho watoa huduma waliosajiliwa wanapimwa nacho.

Mama Bukavu, hiyo ya kukohoa na macho kutoa machozi katikati ya mlo, usingoje mkutano. Piga simu kwa daktari wa mtoto wiki hii, waeleze hivyo hivyo ulivyotueleza. Omba apimwe kumeza tena. Kuna kipimo cha eksirei ya video, wanamwangalia akimeza. Hicho ni cha hospitali, hakitoki kwa NDIS, lakini ripoti yake itakusaidia kwenye mpango kuliko maneno ya sisi sote hapa.

#5 Mwanamrima

Nesi umenena. Mama Bukavu, fuata hilo kwanza.

Tuje kwa "kila mzazi humlisha mtoto wa miaka minne". Ni hoja ya kweli na mpangaji ana haki ya kuitoa, kwa hiyo usiikwepe, ijibu. Mtoto wa miaka minne asiye na ulemavu anashika kijiko mwenyewe. Anakaa mezani na wenzake, mama anamkumbusha "kula", basi. Chakula ni kile kile cha familia. Wako anahitaji akae kwa mkao maalum, chakula kibadilishwe, kijiko kiingie kwa kipimo, mtu amtazame koo kila tonge, na mtu huyo ajue la kufanya akipaliwa. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo unayoombea. Mtoto angekuwa na mwaka mmoja, tofauti ingekuwa ndogo na ningekuambia ombi la saa za mhudumu litakuwa gumu, labda utaalamu na mafunzo tu. Kila mwaka anaoongeza, tofauti inakua. Sema hivyo hivyo.

Andika shajara ya wiki moja. Kila mlo: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, ameketi wapi, kala nini na kiasi gani, kakohoa mara ngapi, nani alimlisha, na huyo mlishaji aliacha kufanya nini. Hiyo ya mwisho watu huisahau. Kama mdogo wake wa miaka miwili anakaa mbele ya televisheni saa tatu kwa siku kwa sababu mama yuko kwenye kijiko, iandike. Kama baba anafanya kazi zamu ya usiku kiwandani na hawezi kumlisha asubuhi, iandike. Kama shangazi yupo lakini anaogopa kumlisha tangu siku alipopaliwa mikononi mwake, hiyo iandike kwa herufi kubwa. Mpangaji akisema "mko wengi nyumbani", unamwonyesha kwamba kati ya wote anayeweza kumlisha salama ni mmoja.

Uzito wake pia. Kama mstari wa uzito kwenye kitabu cha kliniki umelala au umeshuka, omba nakala.

Mzee Kijembe, shikamoo. Nakuheshimu, ila hoja yako ina tundu. Hakuna aliyesema mama aache kulea. Mhudumu akimlisha chakula cha mchana siku tatu kwa wiki, bado mama ana milo kumi na minane. Hesabu mwenyewe.

#6 Kijiko Kidogo

Uzi mzuri sana, nilikuwa nasoma tu lakini suala la bugali limenitoa mafichoni. Mimi ni msaidizi wa wataalamu wa tiba ya kumeza, Adelaide. Asili yangu Kigoma, kwa hiyo ugali na mimi tunafahamiana.

Huku wanatumia mizani ya IDDSI, ya kimataifa ya kupima ulaini wa chakula na uzito wa vinywaji, ngazi 0 hadi 7, tangu Mei 2019. Sifuri ni maji, saba ni chakula cha kawaida. Ngazi 4 ni laini kama kilichosagwa, hakihitaji kutafunwa. Ngazi 5 kimekatwakatwa na kina unyevu, vipande visizidi milimita 2 kwa mtoto, 4 kwa mtu mzima. Binti wa Mama Bukavu sijui yuko ngazi gani, na asije mtu hapa akamkadiria.

Vinywaji tunavipima kwa bomba la sindano la mililita 10, si kila bomba, lile ambalo kutoka sifuri hadi kumi ni milimita 61.5. Unaziba tundu kwa kidole, unajaza hadi kumi, unaachia, unahesabu sekunde kumi, unaziba tena. Ikibaki mililita 1 hadi 4 ni ngazi ya kwanza, 4 hadi 8 ya pili, zaidi ya 8 ya tatu. Isipotoka kitu kabisa ni ya nne.

Nimewahi kupima uji wa ulezi hivyo. Ukitoka jikoni unapita kama maji ya sabuni. Uache upoe kidogo, hautoki. Yaani uji ule ule, bakuli lile lile, ngazi tatu tofauti kabla mtoto hajamaliza. Na kuna tatizo la pili ambalo wazazi wengi hawalijui: uji ni wanga, na mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Kijiko kikitoka mdomoni na kurudi bakulini mara kadhaa, uji wa chini unakuwa mwepesi. Mtoto aliyeanza na uji mzito anamalizia na maji. Ndiyo sababu mtaalamu anaandika unga maalum wa kukolezea, ule wa gamu ya zanthani ambao mate hayauvunji. Basi mpangaji akiuliza "kwa nini nisikwambie ukoleze kwa unga wa mahindi wa dukani, ni rahisi", una jibu. Unga huo maalum si chakula. Ni kifaa cha usalama, na ripoti ikiandikwa hivyo inapita kwa urahisi zaidi.

Ugali sasa. Kuna kipimo cha kijiko: unachota, unakiinamisha, chakula kinatakiwa kidondoke chote kwa pamoja na kijiko kibaki karibu safi. Ugali haudondoki. Unanata kwenye kijiko, na utanata vile vile kwenye kaakaa na nyuma ya ulimi. Muhogo ndio mbaya zaidi. Kwa mtoto wa ngazi 4 sioni mtaalamu atakayeuruhusu ulivyo. Lakini sombe iliyotwangwa hasa, ikachujwa nyuzi, ikasagwa tena na mafuta ya mawese au karanga laini, hiyo nimeiona ikipita kipimo. Maharage hadi utoe maganda yote. Ndizi zilizopondwa na mchuzi mzito zinaweza. Lengalenga (mchicha) zina nyuzi, chuja.

Mama, nenda na vyakula vyako kwenye miadi. Kweli kabisa, beba vibakuli. Mwambie mtaalamu avipime na aandike majina yake ndani ya mpango wa mlo. Muda huo ni huduma inayolipiwa, na mpango wenye viazi vya kuponda tu hautafuatwa na familia inayokula sombe. Akikataa, tafuta mwingine.

#7 Baba Mapacha

Mimi wangu ni usonji, miaka kumi na mmoja. Anakula mkate mweupe, chipsi za aina moja tu na maji. Akibadilishiwa pakiti anajua. Mke wangu anatumia hela nyingi kumtafutia mkate huo huo. Nimesikia mtu Sydney analipiwa chakula maalum. Uongo au kweli?

#8 Mwanamrima

Baba Mapacha, mkate haulipiwi, hata ukiwa ndio pekee anaoula. Vitamini za dukani vilevile usiziweke. Kinachoweza kulipiwa ni kazi ya kumpanulia mlo: mtaalamu wa lishe, na wa tiba ya kazi (anayefundisha shughuli za kila siku kama kula na kuvaa) au ya kumeza mwenye uzoefu wa watoto wanaokataa vyakula kwa sababu ya hisia za mdomo, harufu au rangi. Ripoti iunganishe kukataa chakula na usonji wenyewe, na ionyeshe madhara: damu pungufu, uzito, meno, kukosa shule. Ripoti ikisema tu "anachagua chakula", mpangaji atakuambia kila mtoto huchagua, na hatakuwa amekosea.

Huyo wa Sydney labda ana mrija. Au labda ana domo.

#9 Mkaa Temeke

Nawasoma kutoka Dar, roho inaniuma kwa wivu. Huku mpwa wangu ana hali kama ya binti wa Mama Bukavu. Hakuna mtu wa kutulipia hata bomba la sindano. Ile asilimia mbili ya halmashauri si ya watu wenye ulemavu?

#10 Mwanamrima

Pole ndugu yangu. Asilimia mbili ni sehemu ya ile kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ni mikopo ya vikundi kwa ajili ya biashara, inarudishwa. Haikuwekwa kwa matunzo. Kenya wana Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkali, na hiyo ukiigawa kwa maziwa na nepi utajua inafika tarehe ngapi. Nadhani suala la huko linastahili uzi wake, ufungue nitakuja kuchangia. Ila zile mbinu za Kijiko Kidogo za kuchuja nyuzi na kutoa maganda hazihitaji NDIS, zichukue. Na muulizie mtaalamu hospitali ya rufaa kabla ya kubadilisha chochote.

#11 Karani wa Footscray

Naongeza la risiti maana limenikuta. Kampuni moja ya kuleta vyakula ilimwandikia shemeji yangu ankara moja, bei moja, yote ikatozwa kwenye mpango. Hakuna mstari wa chakula, hakuna mstari wa kupika. Tulipouliza wakasema "wateja wetu wote tunafanya hivyo". Mwisho wa siku fedha ya mpango ikitumika kwa kitu kisicho huduma ya NDIS, anayeweza kudaiwa ni mwenye mpango mwenyewe. Tulihama. Kampuni tuliyohamia inagawa ankara kabisa, sehemu kubwa kupika na kuleta, sehemu ndogo chakula, na hiyo ndogo shemeji analipa kwa kadi yake.

Ukipokea ankara isiyogawanywa, irudishe. Usiogope.

#12 Mzee Kijembe

Nimesoma yote. Suala la nimonia sikulijua kwa undani huo, na kwa mtoto yule sina pingamizi. Lakini hoja ya kodi mmeiruka. Mpango huu una watu zaidi ya 700,000 na unakula zaidi ya dola bilioni 40 kwa mwaka. Mnadhani utabaki hivi? Na mkiwafundisha watu kuandika shajara za kurasa sita, si mnawafundisha kuomba?

#13 Mwanamrima

Mzee, sijaruka. Ni kweli gharama zimewatisha, na serikali ya shirikisho na majimbo walikubaliana 2023 kwamba ukuaji ushushwe hadi asilimia 8 kwa mwaka ifikapo Julai 2026. Ndiyo maana maombi yanachunguzwa zaidi sasa kuliko miaka mitano iliyopita. Na mimi naunga mkono mengi yanayokataliwa. Mtu kuletewa chakula kilichopikwa kila siku wakati mikono yake, macho yake na akili yake vinamruhusu kupika, hapana. Mtu kuomba juisi za kupunguza uzito, hapana. Mzazi kuomba mhudumu wa kumlisha mtoto wa miezi kumi, kwa kawaida hapana.

Tunapotofautiana ni hapo kwenye "kuomba". Fedha ikibanwa, anayeumia kwanza si mwenye ombi la kijinga, huyo ana muda na mwanasheria. Anaumia yule aliyesema "hakuna shida". Shajara haimfundishi mtu kutamani, inamfanya aseme kilichopo. Na kama kilichopo ni kidogo, shajara itaonyesha hivyo pia. Nimewahi kumshauri mzazi mmoja asiombe saa za mhudumu baada ya kuisoma yake.

Tena kwa hesabu tupu: kozi ya mafunzo kwa walishaji watatu na kopo la unga ni rahisi kuliko kitanda cha wodi ya Nesi kwa wiki mbili.

#14 Nesi wa Perth

Kitanda changu hicho ni ghali, niamini.

Swali kwa Mwanamrima: na wale wenye viza za muda? Kuna familia hapa, baba yuko kwa viza ya kazi, mtoto ana mrija.

#15 Mwanamrima

Hapo hakuna njia ya NDIS, Nesi. Lazima uwe raia, mkazi wa kudumu, au Mnyuzilandi mwenye viza maalum yenye ulinzi. Na uingie kabla ya miaka 65. Waliokuja kwa viza za kudumu za ukimbizi wanaingia tangu siku ya kwanza, na kuna watu wetu wengi hawajui hilo, wanangoja uraia bure. Kwa familia yako, waone idara ya ustawi ya hospitali iliyoweka mrija, majimbo yana programu zao za lishe ya mrija nyumbani na masharti hutofautiana.

Na wanaokataliwa: una miezi mitatu tangu upokee uamuzi kuomba uangaliwe upya ndani kwa ndani. Ukigonga mwamba tena, siku 28 kwenda baraza la rufaa, ambalo tangu 14 Oktoba 2024 ni baraza jipya, ART, lililochukua nafasi ya AAT. Usiache siku zipite kwa sababu barua iko kwa Kiingereza. Mkalimani wa TIS (huduma ya serikali ya ukalimani kwa simu) ni bure kwa mambo ya NDIS, 131 450, unasema "Swahili" unangoja. Tafadhali msiwatumie watoto wenu wa sekondari kutafsiri mikutano hii. Mtoto hataitamka sentensi ya "mdogo wangu anaweza kufa akipaliwa", atairuka.

#16 Mama Bukavu

Nimerudi. Daktari amempa rufaa ya kipimo cha video. Mtaalamu wa kumeza amekubali nije na sombe, na bugali pia amesema niilete aione, hajawahi kuiona. Shajara nimeanza leo asubuhi, mlo wa kwanza dakika sabini.

Swali moja la mwisho. Mama mkwe anakaa nasi, yeye ndiye anayebaki naye nikienda darasa la Kiingereza. Hajui kusoma. Hayo mafunzo ni ya wahudumu tu, au na yeye anaweza kufundishwa?

#17 Kijiko Kidogo

Anaweza, na anatakiwa. Mafunzo ya mlo ni ya kila anayemlisha, wa kulipwa na wa nyumbani. Mwambie mtaalamu aweke kwenye ripoti idadi ya saa za kufundisha familia, amtaje bibi kuwa mlishaji, na aandike kwamba mkalimani atahitajika na kwamba mpango wa mlo utatolewa kwa picha. Picha ni za kiti chake na kijiko chake yeye, si za mtoto mwingine kwenye kabrasha. Siku ya mafunzo bibi ashike kijiko mwenyewe mbele ya mtaalamu. Asikae pembeni kutazama.

#18 Mwanamrima

Na saa hizo ziombwe zikiwa peke yake, msizichanganye na saa za tiba ya mtoto, zikichanganywa huishia kutumika kuandika ripoti. Mpango ukifika, Mama, ufungue ukurasa wa huduma za kujenga uwezo, angalia kama zimo. Zisipokuwemo niandikie kwenye sanduku la ujumbe siku hiyo hiyo, tuanze kuhesabu ile miezi mitatu.